Vitumbua Vilivyofungwa kwa Picha

Jumamosi iliyopita, kwenye nyumba moja huku ughaibuni, mjini Garland, ambako watu walikuwa wakiuza vitu vya marehemu wao, nilifungua boksi nikapigwa na harufu hadi nikakaa chini. Karatasi kuukuu! Si harufu ya gazeti, gazeti linanuka mafuta ya taa. Hii ilikuwa ya gome la mti, masizi, na mvua iliyokauka zamani. Ndani mlikuwa na kitabu chembamba cha picha, cha Kijapani, kimeshonwa kwa uzi. Moyo ulinienda mbio kama nimeona mtoto aliyepotea.

Mjukuu wangu Idi, anayeniendesha kutoka Arlington kila wikiendi bila kunung'unika sana, akaninong'oneza, "Bibi, please, usi-smell vitu vya watu."

"Mbona wewe unanusa raba zako mpya?" nikamwambia.

Sasa ninazo ishirini na tatu, picha na vitabu, chini ya kitanda. Mwanangu anaziita makaratasi ya mama. Shule nilisoma madarasa mawili tu, lakini niulizeni chapa za mbao! Fundi anachonga ubao, anaupaka rangi, anaulalishia karatasi juu na kuisugua. Rangi nyingine, ubao mwingine. Hayo alinifundisha mzee mmoja muuza vitabu Houston, nilipokwenda kumtembelea binti yangu. Ila ugonjwa wenyewe niliupata Tanga, nikiwa na miaka minane. Au tisa. Cheti cha kuzaliwa sina, chagueni wenyewe.

Baba alikuwa mpishi wa Mzungu wa shamba la mkonge. Mzungu alipofunga virago alimwambia achukue kilichobaki, baba akarudi na sufuria mbili, kikaango, na kitabu. Alisema ni cha Kichina. Baba alikuwa mkweli, lakini hakuwa mjuzi.

Mama alipika vitumbua, mimi nilivitembeza kwa sinia. Alikipokea kile kitabu, akapima karatasi kwa vidole. Kila ukurasa ulikuwa umekunjwa, ukawa mbilimbili. "Hii itanyonya mafuta vizuri," akasema, akashika wembe kukata uzi.

"Mama, usikichane! Kinafunguliwa kulia, kama msahafu!"

"Msahafu gani una paka kavaa kanzu?"

Na kweli, paka alikuwepo, kavaa kanzu, ameshika kipepeo cha kujipepea kama bibi harusi. Uzi ukakatwa.

Asubuhi ile nilitoka na sinia kichwani na rundo la kurasa kwapani. Mteja wa kwanza nilimfungia vitumbua viwili kwa picha ya samaki mwekundu, na alipoondoka naye nikahisi nimemuuza ndugu yangu. Wa pili nikamwambia, "Kula hapa hapa, karatasi nirudishie." Wa tatu nikamwekea vitumbua kiganjani, vya moto hivyo hivyo. Akaruka kama kakanyaga kaa la moto. Jamani, nilitukanwa siku ile! Sikujali. Nilikuwa naona ajabu: mlima wa buluu, daraja lenye mgongo, watu wanaokimbia mvua iliyochorwa kwa mistari.

Picha iliyonitoa roho ilikuwa ya mwanamke chini ya mwavuli. Nilikuwa nikimwangalia mbwa mmoja aliyekuwa akiniandama, nikashtukia nimempa Mzee Salehe, fundi baiskeli, vitumbua vinne ndani yake, naye keshaondoka. Nikamkimbilia. Nilimkuta kwenye kibanda chake, ameshamaliza kula, anaikunja apangusie mnyororo.

"Shikamoo Mzee Salehe, naomba karatasi yangu!"

"Marahaba. Karatasi yako? Mimi nilinunua vitumbua na nguo zake."

"Nitakupa kitumbua kimoja."

"Viwili."

Nikampa viwili. Alama ya gumba lake jeusi ilibaki juu ya mwavuli, kama mwezi mbovu.

Nilirudi nyumbani nimekosa kurasa tatu tu, yule samaki na mbili zilizoniponyoka, nimeshinda! Kumbe wateja walikuwa wamenitangulia kwa mama.

"Nimekutuma kuuza au kuokota takataka?"

"Bora takataka kuliko vitumbua vyako."

Mama akainua upawa. Kisha akaushusha polepole, na hiyo iliniuma kuliko kupigwa. "Kesho zinarudi kwenye sinia," akasema. Nilizificha chini ya mkeka, nikazilalia.

Asubuhi nilikuta vitumbua vimepangwa juu ya majani ya mgomba, yamebabuliwa motoni yakalainika. Nilimnunia siku tatu nzima, nikijiona mbabe.

Yule mzee wa Houston aliniambia hata huko Japani wenyewe walikuwa wakifunga mabakuli kwa picha kama zile. Basi mama hakuwa na kosa, na zile kurasa zenyewe zililiwa na mchwa kabla sijavunja ungo. Lakini si hilo linalonikosesha raha.

Kwetu hapakuwa na mgomba hata mmoja. Migomba ilikuwa kwa Mama Zena, jirani, naye na mama walikuwa hawasalimiani mwaka mzima kwa sababu ya kuku. Nilikuwa mtu mzima, na watoto wangu, nilipojua. Tulikuwa kwenye matanga ya mama, Mama Zena akanishika mkono.

"Mama yako alinijia alfajiri. Mama yako yule! Nikajifanya sisikii hodi. Akapiga ya pili, kimya. Akapiga ya tatu. Akaniambia, 'Naomba majani, mwanangu anakusanya karatasi.' Nikamuuliza, za nini? Akasema, 'Sijui. Lakini amezikimbilia mtaa mzima.'"

Hodi tatu. Na mimi muda huo nilikuwa nimelala nimegeukia ukuta, namsubiri aje aniombe radhi.