Uchafu Uliobaki Nyuma ya Chujio

Kuna siku moja bado naikumbuka, mwanangu, ingawa nimesahau hata mlango wa nyumba niliyopanga Athi River. Nilikuwa kijana, nimetoka kumaliza masomo ya usiku, najiona nimesoma kuliko mkoa mzima. Kiwanda chetu kilishona makoti ya mvua, na ile dawa ya kuzuia kitambaa kisilowe haiozi: ukiimwaga leo, wajukuu wako wataikuta mtoni. Basi tukaletewa mtambo wa kuchuja maji machafu. Ndani kulikuwa na utando wenye vitundu vidogo hata umbea haungepenya, na pampu yake ilinguruma mpaka milima ya Iveti ikatikisika. Naongeza chumvi, lakini kidogo tu.

Upande mmoja yalitoka maji safi. Upande wa pili, uchafu uliokataliwa uliingia kwenye tangi kungoja lori la kuupeleka tanuruni uchomwe. Siku wageni wakubwa walipokuja kuutazama mtambo, lori halikutokea na tangi lilikuwa limejaa. Meneja akaninong'oneza nifungue koki ya tangi inayomwaga mtaroni, "kidogo tu, wageni waone mashine ikifanya kazi."

Nikabeba spana. Nikakuta Mzee Kilonzo, msimamizi wa mtambo, ameikalia ile koki, anakula muthokoi, mahindi yake na maharagwe, taratibu kama yuko harusini.

"Mzee, inuka. Meneja amesema."

"Wewe si ndiye msomi? Huu mtaro unaenda wapi?"

"Mtoni."

"Na sukuma wiki unayokula jioni?"

"Ya Kinanie, mashamba ya huko chini mtoni."

"Kwani huko wanamwagilia na soda?"

Meneja akafika akifoka. "Kilonzo! Kazi unaitaka ama huitaki?"

"Naitaka, bosi. Ndiyo maana nimeikalia."

Mtambo ukazimwa, wageni wakaonyeshwa cherehani. Wiki iliyofuata Mzee akapelekwa getini kufungulia magari, mimi nikapewa nafasi yake. Kila asubuhi alinisimamisha pale: "Umeifungua?" Nikimjibu, "Hapana, mzee," ndipo ananipisha. Aiya, ninavyolikumbuka geti lile!

Kwa hivyo, mwanangu, ukionyeshwa kitu kilichosafishwa, usikimbilie kupiga makofi. Uliza kilichotolewa kimepelekwa wapi, na huko anaishi nani. Uliza hata kama cheo kitakuponyoka. Mungu akujalie kazi unayoweza kuisimulia mezani kwako, na wanaokunywa maji ya mto huko chini yako wakilitaja jina lako, walitaje wakicheka.