Siku Mzee Bagenda Alipopewa Mke na Watoto Sita

Naandika jambo hili nikiwa bado naona aibu, na ninyi wa kijijini kwetu huku Ihanda msianze kucheka kabla sijafika mwisho, maana mlikuwepo na mlishacheka vya kutosha. Mimi si mtu wa maneno mengi (nikisalimiwa na watu watatu kwa pamoja najibu mmoja), shule niliishia darasa la saba, na barua ya ukurasa mmoja inanimalizia asubuhi nzima. Lakini mwandiko wangu unasomeka, ndiyo maana mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima alinipa karatasi thelathini na mbili, moja kwa kila kaya, nikaulize nani anaishi hapo, kuna mashina mangapi ya migomba, na mangapi yamenyauka. Ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umeingia mashambani, na mradi mmoja wa kilimo uliahidi miche safi kwa walioumia. Ambaye hakuandikwa kuwa ameumia hapati mche. Hilo nililijua vizuri kabisa.

Sasa, mnajua ukiingia nyumba ya watu kwetu huwezi kuanza na maswali. Unakaa, unaulizwa habari za nyumbani, za mama, za ng'ombe, kisha kinaletwa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, na kuikataa ni kama kumwambia mwenye nyumba kwamba humwamini. Mtu jasiri angechukua punje mbili na kuaga. Mimi kila nilipoangaliwa niliongeza nyingine. Siku ya pili, nilipofika nyumba ya ishirini na moja, ambayo ni ya shangazi yangu, moyo ulikuwa unadunda kama mashine ya kukoboa, kaya kumi na moja zimebaki, na karatasi zinatakiwa mjini Kayanga, makao ya wilaya yetu ya Karagwe, kesho yake asubuhi.

Ningeweza kuziacha. Dada Adela, mtaalamu wa takwimu wa mradi, alikuwa ametuambia, "Usichokijua acha tupu." Lakini mimi shuleni nilichapwa sana kwa kuacha nafasi tupu kwenye daftari (mgongo bado unakumbuka), basi nikaamua jambo dogo tu, nikakaa palepale kwa shangazi nikanakili majibu yake kwenye karatasi zote kumi na moja: mume mmoja, mke mmoja, watoto sita, mbuzi watatu, mashina mia mbili na kumi na mawili, yaliyonyauka hakuna. Nilibadilisha majina tu. Nikajiambia, kwani sisi wa hapa si tunafanana?

Wiki iliyofuata tuliitwa kwenye ghala la kahawa. Dada Adela alikuja na kompyuta, jenereta na projekta, akatundika shuka jeupe ukutani, akasema orodha tutaihakiki wote na saa kumi na mbili jioni inafungwa. Kwanza akatuonyesha anavyoisafisha, na hapo, jamani, nilisahau hata kuogopa. Anaandika kwa lugha ya takwimu inayoitwa R, na humo ametengeneza vitu anavyoviita fanksheni, yaani maagizo machache aliyoyaandika mara moja akayapa jina, na akiliita jina yanafanya kazi yenyewe. Akaita moja, na majina yaliyoandikwa ovyo, mengine kwa herufi kubwa, mengine ndogo, yakakaa sawa kama watoto mstarini. Akaita nyingine, ikahesabu nafasi zote tupu kabla sijapepesa macho. Mimi niliyeandika zile karatasi siku mbili nilikaa mdomo wazi.

"Mwanangu," Mzee Bagenda, mkulima mwenzetu, akauliza, "hiyo mashine inazijua ndizi?"

"Haizijui, mzee. Fanksheni hizi niliziandika kwa ajili ya mahindi, mkoa mwingine kabisa. Mwenzangu anazitumia kwa watoto wa kliniki. Zenyewe zinajua mistari na safu tu, ukizipa chochote zinafanya."

Nililifikiria jambo hilo hadi nikahisi baridi. Kitu kisichojua ndizi, wala Karagwe, wala sisi, kinanyoosha kazi yetu!

"Hii ya mwisho," akasema Dada Adela, "inatafuta mistari iliyojirudia. Naiambia isitazame majina."

Akabonyeza. Mistari kumi na miwili ikawa myekundu.

Akasogea karibu na shuka, akasoma kwa sauti, "Kaya ya Mzee Bagenda. Mke mmoja, watoto sita."

Mzee Bagenda hajawahi kuoa maisha yake yote. Akasimama polepole. "Mke? Waitu, ndugu zangu, amekuja lini, na mbona sijapikiwa?"

Ghala zima likalipuka. Mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Kumbe ndiye anayekuzuia kuja kanisani!"

"Na hao sita waje basi," mzee akajibu, "kuna shamba la migomba la kung'oa!"

Shangazi naye akawa amesimama. "Mbuzi watatu ni wangu! Wanalalaje nyumba kumi na mbili?"

Nilitamani niingie kwenye gunia la kahawa nishonewe humohumo. Lakini Mzee Bagenda hakuwa anacheka tena. "Na migomba yangu imeandikwaje?"

"Hakuna iliyonyauka, mzee."

"Hakuna?" Akakaa. "Mimi sina hata mkungu mmoja wa kula."

Miguu yangu ikasimama kabla yangu, na kwa mara ya kwanza maishani nikasema mkutanoni. "Ni mimi. Kaya kumi na moja sikuzifikia, nikanakili. Nisamehe, mzee."

Dada Adela hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Akatazama saa. "Ni saa saba. Niletee zote kumi na moja."

Mzee Bagenda alitangulia mbele, mimi nyuma, hadi shambani kwake. Akakata shina moja kwa panga, ukatoka ute wa njano, dalili ya mnyauko. Akakata la pili, vilevile. Tukahesabu pamoja, arobaini na manne kati ya arobaini na saba. Nikaandika taratibu. Kisha nikakimbia kwa wengine kumi, wawili nikakuta wamefunga milango, nikaacha tupu.

Saa kumi na moja na nusu Dada Adela aliingiza majibu mapya, akaziita zile fanksheni tena. Zile tupu mbili zikajitokeza, akaziweka kando, akasema atawafuata mwenyewe kabla ya kugawa miche. Iliyojirudia, sifuri. Akaipanga orodha kuanzia aliyeumia zaidi, na jina la Mzee Bagenda likapanda, likawapita wenzake wote, likakaa juu kabisa.

Mzee alilitazama, akaniambia, "Sasa hapo umeandika."

Tangu siku hiyo sijaandika shina ambalo sijaliona kwa macho yangu, na sitaandika.