Mkono wa Mwalimu Visawe

Jina lake la kazini lilikuwa Visawe, na hakulichagua yeye. Wanafunzi ndio waliombatiza, kwa sababu mtu huyu hakuwahi kufundisha neno moja la Kiingereza likaishia hapo. Ukimwomba moja anakupa sita, kama muuza nyanya anayetaka kufunga genge. Mkewe alikuwa akimtania kwamba siku akiulizwa jina lake kwenye mlango wa peponi, atataja na mengine matano yanayokaribiana nalo.

Somo lililompa sifa ni lile la vitenzi vya kupungua. Walimu wengine huandika ubaoni, watoto wananakili, kengele inalia, wamesahau. Visawe alifundisha kwa mkono. Kwa neno subside, kiganja kilishuka taratibu kutoka kidevuni hadi kiunoni, kama maji ya mafuriko yanavyorudi mtoni. Kwa abate, ngumi iliyokuwa ikitetemeka ililegea, maana ndivyo dhoruba na homa zinavyotulia. Kwa dwindle, vidole vilikunjwa kimoja kimoja mpaka kikabaki cha mwisho. Darasa zima lilifanya pamoja naye, na hata mkaguzi mmoja aliyekuja amenuna alijikuta anakunja vidole.

Muhula huu alifundisha yote hayo bila kukosea hata mara moja. Hilo ndilo lililokuwa la kutisha, na aliyeliona ni mtu mmoja tu: binti yake, ambaye alikuwa mwanafunzi wa darasa hilohilo, dawati la dirishani. Shuleni alimwita Mwalimu, nyumbani alimwita Baba, na siku hizi huko nyumbani hakumwita sana.

Mama yake binti alifariki wakati wa likizo, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Visawe alizika, akapokea pole, akawashukuru watu, akarudi kazini. Chozi halikumtoka. Wengi walisema amepiga moyo konde. Wenye ndimi ndefu wakasema mbona kama ametua mzigo. Wote walikosea. Mtu huyu alikuwa ameingia ganzi, kama aliyetoka kung'olewa jino: anagusa shavu, shavu lipo, lakini si lake. Alikula kwa kuwa saa ya kula ilifika. Alipiga pasi mashati yake. Watu walimwambia maumivu yatapungua, naye aliitikia asante, huku akijiuliza ni maumivu gani wanayoyazungumzia.

Wahenga walishasema mganga hajigangi. Ndani ya nyumba yake mwenyewe kulikuwa na kitu kinapungua mchana kweupe. Binti aliacha kuimba akiosha vyombo. Kisha akaacha utani. Salamu zikawa fupi, sahani ikaanza kurudi jikoni na chakula chake, sare ya shule ikampwaya mabegani. Na huyu bwana mwenye kuzijua namna zote za kitu kupungua alikaa naye meza moja, asione. Nakereka ninapolisimulia hili, lakini utamgombezaje mtu aliyelala?

Basi siku ya zoezi la vitenzi hivyo ikafika. Utaratibu ulikuwa kila mmoja asimame, apewe kitenzi, atoe sentensi huku mkono wake ukionyesha. Kijana mmoja alisema nywele za mjomba wake zinapungua lakini majivuno yapo palepale, darasa likacheka. Zamu ikafika dirishani. Binti akapewa subside.

Alisimama. Akasema, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba pumzi za mama yake zilishuka, zikashuka tena, na yeye alikuwa amemshika mkono peke yake kwa sababu baba alikuwa ametoka kutafuta gari. Kiganja chake kilishuka kutoka kidevuni. Kilipofika kiunoni kilibaki hapo.

"Sahihi," alisema Visawe. "Anayefuata."

Aliyefuata hakusimama. Darasa zima lilimtazama mwalimu, na mwalimu akatazama chaki mkononi mwake. Binti alikusanya vitabu vyake akatoka bila kuomba ruhusa. Visawe akaita mwanafunzi mwingine.

Tangu siku za msiba, mama mdogo wa binti alikuwa amesisitiza mtoto ahamie kwake. Binti alikataa kila mara, akisema hawezi kumwacha baba. Siku hiyo alimpigia simu mwenyewe. Visawe aliporudi nyumbani alikuta begi limesimama ukumbini na shemeji yake amekaa kwenye ncha ya kiti, mkoba mapajani.

"Karibu, shemeji."

"Nimeshakaribia. Nimekuja kumchukua mtoto."

"Sawa."

"Sawa?" Mama mdogo aliinuka. "Yaani hata kwa nini huulizi? Shemeji, wewe una maneno ya kufungulia duka. Leo umekosa hata moja la kukopesha?"

Visawe alitazama begi. Alijua kwamba likitoka nje, nyumba itabaki na mtu mmoja, na huyo mmoja hakuwa na hakika kama yupo. Alilijua hilo kama mtu anavyojua tarehe.

"Mwache tu, mama mdogo," binti alisema kutoka mlangoni. "Maumivu ya baba yameshapoa zamani. Yeye ameshamaliza."

"Sijamaliza," alisema Visawe.

Walimgeukia wote wawili.

"Sijaanza, mama." Alizoea kumwita bintiye hivyo alipokuwa mdogo. "Sisikii kitu tangu niliporudi na lile gari. Leo umesimama darasani, nimekuelewa kila neno, na hakuna lililonigusa. Najua lilipaswa kunigusa. Najua nimekuumiza. Na naogopa siku maumivu yatakaponifikia, ila hata huo woga nauona kwa mbali."

Binti alimtazama kama anayemkagua mgonjwa.

"Nilidhani umemsahau."

"Hapana."

"Sasa yakikufikia uko peke yako humu ndani, utafanyaje?"

"Sijui."

Mama mdogo alishika mkoba wake vizuri, akasogea kuelekea mlango wa nje, akidhani safari imefika. Binti aliinamia begi, akalishika mpini. Lilikuwa zito, na baba yake hakuinua mkono kumsaidia wala kumzuia. Akaanza kuliburuta kurudi chumbani.

"Mama mdogo, nisamehe kwa usumbufu," alisema bila kugeuka. "Siendi. Yasije yakaanza nikiwa sipo."