Mpimaji Aliyekata Saa Kumi

Sikuokoka kwa akili yangu, na haya si ya kutunga. Ukitaka kucheka, cheka. Nimeshazoea.

Miaka ya tisini nilikuwa nachochea boila katika kiwanda cha sabuni pale Lurambi. Shule niliachia darasa la tano, lakini namba nazijua. Kazi yetu, mimi na Zakayo, ilikuwa kutia kuni, kusoma joto na presha kila saa, na kuandika kitabuni. Sasa nikuambie ukweli: hatukuwa tunasoma. Msimamizi wetu, Amukoya, alitufundisha kujaza ukurasa mzima asubuhi kabla ya chai, namba zilezile za jana. Nani angekuja kuangalia?

Mwenye kiwanda, Lubanga, alikuwa amejenga vyumba vya kupangisha nyuma ya ukuta. Wapangaji wakalalamika: valvu ya usalama ikitoa mvuke inapiga kelele, watoto hawalali. Lubanga akaamuru inyamazishwe. Amukoya akaifunga kwa waya isifunguke tena kutoa mvuke. Kukawa kimya, wote wakafurahi.

Siku hiyo, saa nane mchana, Zakayo alikuwa mlangoni anapasua kuni. Akaingia mtu wa makamo, ovaroli ya kijivu, mkononi kifaa cha kupimia kelele. Nikamsalimu, "Mulembe." Hakuitikia. Kwetu nani haitikii mulembe? Nikadhani ni wa serikali, ametumwa kwa yale malalamiko. Hao hujiona.

Niamini, aliposogea karibu, boila ilinyamaza. Moto niliuona unaruka, feni inazunguka, lakini nilichosikia ni saa yangu ya mkono. Jasho lilinitiririka; yeye uso mkavu. Akanionyesha mshale wa kifaa chake: umelala kwenye sufuri. Kisha akafungua kitabu chetu, akashuka na kidole.

"Hii ya saa kumi umeisoma lini?"

"Asubuhi, mzee."

"Saa kumi umeshaiona?"

Akachukua kalamu yangu, akakata saa kumi, kumi na moja, kumi na mbili.

"Hizi hazitakuwa na kipimo," akasema, akatoka. Kelele ikarudi yote kwa pamoja, nusura nianguke.

Nikamfuata. Zakayo, aliyekuwa palepale mlangoni, hakuona mtu. Nikaenda kwa Amukoya nikamsihi akate waya, tuzime moto.

"Siku hizi unakunywanga kwa nani?" akaniuliza. "Rudi kazini kabla sijatafuta mtu mwenye macho."

Zakayo naye akanicheka. "Omwana wefwe, ndugu yetu, mzimu wa kukagua vitabu? Si angekuja wa kupasua kuni. Kaa hapo kivulini kama unaogopa. Nitachochea mwenyewe."

Nami nikakaa nje, yeye akaingia. Koleo ilikuwa imening'inia ukutani, ningeweza kukata ule waya mwenyewe. Niliogopa kufutwa. Na kuchekwa, labda hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Saa kumi boila ikapasuka. Zakayo alitolewa chini ya matofali, ameshakufa. Mimi niliamkia hospitalini, sikio la kushoto halisikii mpaka leo.

Kitabu kilirushwa nje kikapona. Amukoya akakipeleka kwa polisi: wino ni wangu, kalamu yangu, na aliyekata mistari hiyo basi alijua. Waya hakuutaja. Lubanga pia hakuutaja, na ndiye aliyeuagiza. Nilipoeleza habari za yule mpimaji waliandika kwamba nimepigwa kichwa. Nikaachiliwa, lakini kijiji hakikuniachilia. Rosa, mjane wa Zakayo, tukikutana sokoni hapokei mkono wangu. Wa Amukoya anaupokea, ni mzee wa kanisa siku hizi.

Yule alikuwa nani? Sijui, na nimechoka kuuliza. Ila wewe, kama kazi yako ni kupima, pima. Na ukionywa, usiende kwanza kuomba ruhusa kwa aliyefunga waya. Mvute mwenzako mkono, hata kwa nguvu, hata akutukane. Mtabishana mkiwa nje.