Wasomaji Wangu wa Dar es Salaam

Nilipata tovuti kabla sijapata akili. Leo nalisema hilo mwenyewe, lakini miaka ile mtu angeniambia hivyo tungegombana. Nilikuwa na kibanda cha kuchapa barua na kutoa kopi karibu na stendi ya Bariadi, na kila nilipopata nafasi kati ya mteja wa cheti cha kuzaliwa na mteja wa barua ya kuomba kazi, niliandika. Niliandika habari za kwetu Simiyu: mvua zinazochelewa, ng'ombe wanaokonda mpaka unaweza kuhesabu mbavu zao, na jinsi mtu anavyotoka kijijini alfajiri kwenda ofisi mpya za wilaya yetu ya Itilima, pale Lagangabilili, na kuambiwa mhusika yuko semina. Niliandika vizuri. Hilo silikatai mpaka leo, na ndilo linaloniuma zaidi.

Mama yangu aliishi kijijini kwetu, mbele kidogo ya Lagangabilili, peke yake tangu baba afariki. Nilikuwa namtembelea Jumamosi, si kila Jumamosi. Hakujua kusoma. Alijua tu kwamba mwanawe "anaandika kwenye simu", na alilitaja jambo hilo kanisani kwa sauti ambayo wanawake wenzake waliitumia kutaja watoto walioolewa vizuri.

Habari ya takwimu ililetwa na mteja mmoja, mtu wa kuzunguka akifundisha semina za ujasiriamali. Alikuja kutoa kopi, akaiona tovuti yangu kwenye kioo cha kompyuta, akaniuliza nani anaisambaza. Nikasema sijui. Akacheka kicheko ambacho sikukipenda. Akaniambia mwandishi asiyejua nani anasambaza kazi yake ni kama mkulima anayemwaga mbegu huku amefumba macho, kisha akakaa nusu saa akiniunganishia chombo cha bure cha kuhesabu wasomaji. Akaondoka na kopi zake, nami nikabaki nimekodolea macho mistari ya bluu.

Nilinogewa. Chombo kile kilionyesha watu wamesoma nini, saa ngapi, wako mji gani, na wamefikaje. Mji wa kwanza ulikuwa Dar es Salaam. Dar es Salaam ilikuwa juu kabisa, Mwanza ikafuata kwa mbali, na Bariadi ilikuwa chini na wasomaji wa kuhesabika, ambao naamini nusu yao nilikuwa mimi. Kuhusu walikotoka, waliotokea kwenye mitandao ya kijamii walikuwa wachache, na waliosambaza waziwazi kwenye ukurasa wangu niliwajua mmoja mmoja: mwalimu wa Maswa, muuza dawa za mifugo wa Kalemela, na watu wawili niliosoma nao. Umati wote uliobaki ulikuwa kwenye safu iliyoitwa "moja kwa moja". Maelezo yalisema hao ni watu walioandika anwani ya tovuti wenyewe, bila kutumwa na mtu.

Basi nikajitengenezea wasomaji. Niliwaona wakiwa maofisini, kwenye viyoyozi, wanaijua anwani yangu kwa moyo. Nikaanza kuwaandikia wao. Nilianza kueleza michembe ni nini, kwamba ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, jambo ambalo mtoto yeyote wa Itilima angenicheka kulieleza. Kubwa kuliko yote, nikaacha kuogopa. Kijijini kwetu simu ni tochi, nilijiambia, na wenye simu kubwa wanaangalia mpira. Takwimu zilikuwa mbele ya macho yangu na hazikuonyesha hata mtu mmoja kutoka kwetu.

Jumamosi moja ya wakati wa palizi nilimkuta mama anaanika mboga. Kulikuwa na ukimya kwa jirani yake, mwanamke wa makamo aliyekuwa na kelele siku zote, nikauliza kama yuko salama.

"Wamemtenga," mama akasema.

Kwetu msiba ni wa wote. Siku ya kuzika hakuna jembe linaloingia shambani. Wanaume wanachimba, wanawake wanaleta maji, kuni na unga, na asiyefika bila sababu anajulikana. Mvua ilikuwa imechelewa mwaka ule, pamba ya jirani ilikuwa inamezwa na majani, na siku ya mazishi ya mzee mmoja alijiiba akaenda kupalilia. Watu wakasikia jembe. Baada ya hapo hakuna aliyemsalimia, hakuna aliyeitikia salamu yake, mashine ya kusaga haikumsagia na dukani hawakumuuzia. Na yeyote atakayemsaidia, naye hutengwa.

"Sasa anakula nini?"

Mama akatazama nyuma yake, ingawa uani tulikuwa wawili. "Nampelekea chumvi na kiberiti. Asubuhi, nikijifanya naenda kisimani. Naweka kwenye ungo, juu nafunika michembe." Akacheka kidogo, akijipongeza. "Napita naimba wimbo wa kanisani, mtu hawezi kunidhania. Usimwambie mtu, ng'wanone, mwanangu."

"Nimwambie nani, mayu?"

Nilimjibu kwa moyo mweupe. Kwa hesabu yangu, watu wa Dar es Salaam hawakuwa watu wa kuambiwa siri, walikuwa wasomaji.

Niliiandika Jumatatu asubuhi, kibanda kikiwa hakijapata mteja. Sikutaja jina la mtu wala la kijiji, na nikajiona mwangalifu kweli. Lakini niliandika jembe lililosikika siku ya msiba. Niliandika ungo, na chumvi chini ya michembe, na bibi anayepita akiimba wimbo wa kanisani huku anavuta mguu wa kushoto. Ule mguu haukuwa na kazi yoyote kwenye habari. Niliuweka kwa sababu ulipendeza pale.

Kufikia mchana mstari wa bluu ulikuwa umepanda kama moshi wa jiko la kuni. Dar es Salaam, Dar es Salaam, Dar es Salaam. Moja kwa moja. Sijawahi kuwa na siku kama ile. Nilitafuta nani anasambaza, nikakuta kwenye ukurasa wangu ni walewale, mwalimu na muuza dawa, na mmoja wa wale niliosoma nao. Nikaamua kwamba kuna mtu mkubwa huko Dar ameisoma, labda mhariri, na sasa ofisi nzima inaifungua. Niliwanunulia soda majirani wa kibandani. Mama mmoja wa chapati aliniuliza tunasherehekea nini, nikamwambia nimefika.

Nilikwenda kijijini siku kumi na mbili baadaye. Nilitaka kumwambia mama kwamba habari yake imependwa, nikiwa nimeshapanga namna ya kuizungusha asijue ni ipi hasa. Kisimani kulikuwa na wanawake watano. "Mwadila," nikawasalimia. Waliendelea kuchota. Nikadhani hawakusikia, nikasalimia tena kwa Kiswahili, nikampa shikamoo yule mkubwa wao. Akainua ndoo yake akaondoka.

Mama alikuwa amekaa ndani, mlango wazi. Mtungi ulikuwa mtupu. Nilipoona midomo yake imekauka nilijua kwamba naye ametengwa.

"Wamenisomea," alisema.

"Nani?"

"Kwenye mkutano. Mmoja alishika simu akasoma yote, wengine wanafuatisha kwenye za kwao. Mpaka mguu wangu ulikuwemo."

"Nani aliwaletea? Mayu, nani aliisambaza?"

"Unaniuliza mimi? Walikuwa nayo wote." Akausukuma mtungi kando. "Umepanga maneno vizuri. Walicheka pale kwenye michembe. Halafu wakanigeukia."

Nilitoka uani, nikafanya jambo ambalo naona aibu kulisimulia. Nilitoa simu, nikafungua zile takwimu. Mama yangu hana maji ya kunywa, mimi natafuta jina la aliyesambaza. Kuna sehemu ya chombo kile inayoonyesha nani yuko kwenye tovuti dakika hiyohiyo. Hakukuwa na mtu. Nikaifungua habari yangu mwenyewe, nikarudi kutazama. Msomaji mmoja. Mji: Dar es Salaam. Chanzo: moja kwa moja.

Yule msomaji wa Dar es Salaam nilikuwa mimi, nimesimama kwenye mavi ya mbuzi wa mama yangu. Nilifunga, nikafungua tena, nikapata jibu lilelile. Baadaye fundi wa simu pale Bariadi alinieleza, tena kwa mshangao kwamba sikujua. Intaneti ya simu zetu hupitia kwenye mitambo ya kampuni iliyoko Dar, kwa hiyo chombo kinakuhesabu uko huko hata kama uko zizini. Na kiungo kinachopitishwa kwenye magrupu ya simu, grupu la ukoo, la kwaya, la kijiji, hakiachi unyayo. Chombo kikishindwa kujua mtu katokea wapi, kinamtupa kwenye "moja kwa moja". Wasomaji wangu wa viyoyozi walikuwa wajomba zangu. Walikuwa wamenisoma miaka yote, wakipeana, wakijivunia mtoto wao, na maskini wa Mungu mimi nilikuwa nawafafanulia michembe.

Niliifuta habari palepale uani. Haikusaidia kitu, kwa sababu walikuwa wamekwisha kuyanakili maneno yote. Nikamchotea mama maji mwenyewe, safari nne, na kila nilipofika kisimani watu walisogea pembeni.

Nilimwambia tuondoke tukakae Bariadi. Aliniangalia kama mtu anayemsikiliza mlevi.

"Nikae kwenye chumba chako nikitazama ukuta? Na nikifa?"

"Nitakuzika, mayu."

"Wewe na nani?"

Hakutaka kingine chochote duniani, naomba lieleweke hilo. Kaburi la baba liko nyuma ya nyumba, na mahali pake pembeni aliwahi kunionyesha kwa kidole, akicheka. Alitaka kuzikwa pale na watu wake, wanaume wakichimba na wanawake wakileta unga, kama yeye alivyowapelekea wengine unga kwa miaka hamsini. Aliyetengwa hachimbiwi. Alikuwa amekwenda kwenye misiba yote ya kijiji kile, na sasa angekufa kama mgeni kwa sababu mwanawe alipenda kusifiwa.

Nilirudi Jumapili kuonana na kamati ya kijiji, inayoamua nani atengwe. Walinipokea baada ya kanisa, wanaume watatu na mama mmoja, kwenye mabenchi. Nilijiandaa kwa hotuba juu ya huruma na sheria za nchi. Nilipoanza tu, mzee wa kamati akainua mkono.

"Kosa la kumpelekea chumvi, tungelimaliza wenyewe," alisema. "Mama yako si wa kwanza. Hata mke wangu aliwahi. Tunajua, tunakaa kimya, siku zinapita, mtu anarudishwa. Ndivyo tunavyoishi. Wewe umelisema. Likishasemwa hatuwezi kujifanya hatujui."

Katika habari yangu yote ndefu juu ya ukatili wa kijiji, hilo sikuliandika, kwa kuwa sikulijua. Nilikuwa nimekaa mjini miaka mingi, nikaona ukuta na nisione milango yake midogo.

Walijadili mpaka jua likapinda. Halafu wakamwita mama, wakasema mbele ya watu wote waliokuwepo: mama anarudishwa, kosa linahamia kwa mwenye mdomo. Mwana anatengwa, muda haukutajwa. Hatasalimiwa, hataitikiwa, hatapikiwa wala kupigiwa simu. Atakayekiuka atabeba lake, hata akiwa mzazi, na kwake hakutakuwa na kurudishwa tena.

"Unakubali?" wakamuuliza.

Mama alinitazama, na nilimwona jinsi alivyokuwa mdogo ndani ya kitenge chake, nikaitikia kwa kichwa ili akubali. Nilitaka akubali. Nilitaka pia, Mungu anisamehe, akatae.

"Nakubali," akasema.

Jirani aliyeenda kupalilia hakusubiri siku zake ziishe. Alihamia kwa kaka yake Ipililo, pamba akaiacha majani yaimalize. Nami niliifunga tovuti. Mwalimu wa Maswa aliandika kuuliza kwa nini, nikamwambia nimekosa muda. Kwenye kibanda naendelea kuchapa barua za watu, maneno yao, kama wanavyoyasema, na mtu akiniambia nimrekebishie yakae vizuri namwambia yako sawa.

Mwaka jana wakati wa mavuno kulikuwa na msiba kijijini, wa mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Nilikwenda. Nilibeba kuni zangu nikaziweka kando ya za wengine, na hakuna aliyezigusa. Wanawake walikuwa wakitoka kisimani kwa mstari, mama akiwa katikati, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile nilimwona kwa karibu. Alikuwa amenenepa kidogo. Mwenzake alimwambia jambo, akacheka mpaka maji yakamwagikia begani.

Nilisimama njiani. "Mwadila, mayu," nikasema, taratibu, ili mtu mwingine asisikie.

Kicheko kilimkatika. Akashika ndoo kwa mikono yote miwili, akatazama mbele, akapita karibu yangu kiasi kwamba kitenge chake kilinigusa mkono. Waliokuwa nyuma yake wakapita pia. Nilimshukuru Mungu kwamba hakuitikia, kisha nikakaa chini pale njiani nikalia kama mtoto, na watu wa kwetu wakanizunguka wakaendelea na msiba wao.