Muda wa Kuzubaa

Ghalani kwetu kila mtu hufungwa skana mkononi. Ni kimashine kidogo kinachokaa juu ya kiganja. Kinakwambia uende safu gani na uchukue boksi gani, na ukichelewa kusoma boksi linalofuata, kinaanza kukuhesabia. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya msimamizi, bwana mmoja mnene aliyependa chai, na akiwa kwenye chai ulikuwa na bahati yako. Skana hainywi chai. Kila dakika ambayo hukusoma kitu inaandikwa, na huko ofisini juu inaonekana kwenye kompyuta kama pengo jekundu. Wenyewe wanauita muda wa kuzubaa.

Mimi ni mtu wa Unguja. Nilikuja Birmingham nikiwa mke wa mwanafunzi, nikabaki nikiwa mpakiaji wa ghala, na kwa sababu ya mdomo wangu wenzangu wakanichagua niwe mwakilishi wao kwenye chama cha wafanyakazi, yunioni kama tunavyoiita. Mdomo ninao, sikatai. Nikiona mtu anaonewa, chakula hakipiti mpaka niseme.

Aliyeonewa safari hii alikuwa mama mmoja wa Bukavu. Sote tulimwita Mama, hata Wapolandi, ambao hilo ndilo neno lao pekee la Kiswahili. Alifika hapa na watoto wake kama wakimbizi, mume hakuwahi kufika, na nyumba yake ilikuwa inasimama kwa mshahara wa ghala, hapana kingine. Kosa lake lilikuwa kusalimia. Mama hakuweza kupishana nawe baina ya rafu akakurushia neno huku anakwenda. Alisimama, akaegesha toroli, akakushika mkono kwa mikono yake miwili, akaanza. Umelala vipi? Watoto? Yule mdogo, kikohozi kimekwisha? Na mama yako kule nyumbani, goti lake? Kisha akangoja umjibu, na jibu la mkato hakulipokea. Shifti ya asubuhi ina Wakongo, Wakenya na Watanzania kibao, basi mpaka awamalize wote, rekodi yake kule juu ilikuwa nyekundu kama achari.

Wakamwita kwenye kikao cha nidhamu. Alikuwa ameshaonywa mara mbili, kwa hiyo tulijua sote kinachofuata ni kufukuzwa. Sheria ya hapa inamruhusu mfanyakazi aingie na mtu wa kumsindikiza, ama wa yunioni ama mfanyakazi mwenzake yeyote. Niliingia naye mimi.

Meneja alikuwa kijana mpole wa Sutton Coldfield anayekuja na treni, shati limenyooka. Alitugeuzia kompyuta tuyaone mapengo.

"Hapa alikuwa anafanya nini?" akauliza. Nikatafsiri.

"Nilikuwa nasalimia," Mama akasema.

"Na hapa?"

"Vilevile."

Meneja akaniuliza kama hawezi kusalimia huku anatembea. Mama alilifikiria swali lile kwa heshima zote.

"Umwambie, mutu haumusalimie huku unamupita," akasema. "Ile ni ya kupungia gari."

Nilitafsiri neno kwa neno. Kijana hakucheka, namshukuru kwa hilo. Alisema atatoa uamuzi baada ya wiki mbili.

Katikati ya wiki hizo kikaja chama cha siasa. Kile chama cha mrengo wa kushoto ambacho yunioni yetu inakichangia kilikuwa kinatafuta kiongozi mpya, na sisi wa yunioni tuna kura zetu humo, kwa hiyo wagombea walikuwa wanatutembelea kama wachumba. Mmoja alikuja kwetu Jumamosi mchana, ghorofani juu ya mkahawa wa balti, ule mchuzi wa Kipakistani, mtaa wa Balsall Heath. Nikamchukua Mama. Nilijisemea, mtu mkubwa akilisikia jambo hili na kulitaja hadharani, kampuni itaona haya.

Mgombea alizungumza vizuri, siwezi kumnyima. Alisema mashine zije, lakini zije kumpunguzia mfanyakazi mzigo, sio kumchunga kama mbuzi. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha. Ulipofika wakati wa maswali nikasimama nikaeleza habari ya Mama mwanzo mpaka mwisho. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema visa kama hivi ndivyo vinavyompa nguvu, na kwamba atakibeba kila atakapokwenda. Mimi sikuleta kisa, nilileta mtu, na mtu mwenyewe alikuwa amekaa palepale mbele yake.

Mama hakungoja kuitwa. Alikwenda mpaka kwa yule bwana, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamuuliza, mimi natafsiri, amelalaje, watoto wake hawajambo, mama yake bado yuko. Bwana yule alitabasamu lile tabasamu la picha. Halafu tabasamu likamtoka. Akasema mama yake yuko hospitali, na kwamba tangu Alhamisi hajaweza... Hapo msaidizi wake, binti mwenye simu mbili, akamgusa kiwiko. Wanangojewa mtaa wa Moseley, wamechelewa. Akaondoka sentensi imebaki hewani.

Kwenye ngazi nilikuwa nachemka. "Umemwona, Mama? Hata kujibu salamu hakumaliza. Huyu ndiye wa kututetea sisi?"

Mama alikuwa anafunga vifungo vya koti, polepole, kimoja kimoja.

"Usimukasirikie, mutoto yangu," akasema. "Na yeye banamupima saa, kama sisi."

Kikao cha pili niliingia nimejiandaa. Nikamwonyesha meneja kwamba Mama, pamoja na mapengo yake yote, mwisho wa shifti maboksi yake hayakuwa pungufu kuliko ya wengine. Meneja akasema hatamfukuza. Atamhamishia kwenye kufunga vifurushi, kitengo kipya, ambako mkanda wa umeme unamletea mtu kila kitu pale alipo. Nilimkumbatia Mama palepale ofisini. Siku hiyo nilinunua sambusa za shifti nzima nikatembea kifua mbele.

Kitengo kipya ni vibanda vya wavu, kila kibanda mtu mmoja. Vitu vinakuja vyenyewe na kuondoka vyenyewe. Hakuna anayepita. Mama mshahara wake anaupata, watoto wanasoma, lakini siku moja mlangoni, wakati wa kutoka, nilipomuuliza hali, sauti ilimtoka imekwaruza, akaniambia tangu asubuhi, hiyo ndiyo mara ya kwanza anaitumia. Niliumia kuliko ambavyo ningeumia wangemfukuza. Nasema kweli.

Yule mgombea hakushinda. Kura yangu nilimpa hata hivyo, na sababu yangu haikuwa siasa.

Tangu siku ile ya mlangoni, kila asubuhi naacha njia yangu napita vibandani. Naegesha toroli, napitisha mkono kwenye uwazi wa wavu, Mama anaushika kwa mikono miwili, tunaanza: tumelala vipi, watoto, goti la mama yangu. Skana inalia, nami naiacha ilie.

Mwezi uliopita niliitwa mimi kwenye kikao cha nidhamu. Yunioni wakasema watanitumia mtu kutoka ofisi kuu anisindikize, mwenye uzoefu na kesi hizi. Nikawaambia ahsanteni, msindikizaji ninaye.

Tukaingia, mimi na Mama. Meneja ni yuleyule kijana, kompyuta ileile, safari hii mapengo ni yangu. Kabla hajaigeuza, Mama aliinuka, akainama juu ya meza, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Kwa Kiingereza chake kidogo akamuuliza amelalaje, na mama yake hajambo.

Kijana akatazama kompyuta. Akatazama mlango. Kisha akasema mama yake mgongo unamsumbua sana siku hizi, na Mama akavuta kiti karibu.