Sista Kopo, Aliyejifunza Kuuliza

Alizaliwa katika chumba cha nyuma cha duka la mikate, mtoto wa tatu wa mwoka mikate, na alitoka kwa haraka hata mkunga hakuwahi kuvua viatu. "Huyu hangoji mtu," baba yake alitania, na kweli hakungoja. Akiwa na miaka kumi na tisa aliingia utawani, akasomea uuguzi, akapangiwa wodi ya watoto.

Haraka hiyo ndiyo iliyomponza. Mwaka wake wa kwanza wodini, mshona nguo mmoja alimleta mwanawe wa miaka miwili. Mtoto alikuwa akitapika na kutetemeka, macho kodo, moyo ukimwenda mbio, ilhali mwili haukuwa na joto. Sista alifoka: "Umempa nini mtoto wewe?" Mama akaingiwa na hofu, akajibu, "Sijampa kitu." Mtoto akatibiwa homa ambayo hakuwa nayo, akashikwa na degedege, na jioni akafariki. Ndipo kopo la vidonge vya kafeini, alivyokuwa akimeza mama asisinzie kwenye cherehani, lilipoanguka kutoka mfukoni mwake. Sista alilia hadi mfiwa akambembeleza. Baada ya maziko alimwendea nyumbani, akapiga magoti. "Mimi ndiye niliyekufunga mdomo, dada yangu. Nisamehe."

Tangu hapo aliuliza akiwa ameketi sakafuni, kwa sauti ya chini. Miaka ilipita, bibi mmoja akaleta mjukuu anayetetemeka vilevile, akishikilia kwamba ni meno tu. Sista akamshika mkono. "Bibi, hapa hatutafuti mkosaji. Tunatafuta kopo." Bibi akalitoa kifuani, la vidonge vilevile vya kafeini. Vilipungua vidonge vitano, na saa moja ilikuwa haijaisha tangu mtoto avimeze. Hawakumtapisha. Kwa kuwa mtoto alikuwa bado macho, daktari alimnywesha mkaa wa dawa unaonyonya sumu tumboni, akamtundikia dripu na kumuunganisha na mashine ya kupima moyo; degedege ilipoanza, ikatulizwa kwa sindano. Kesho yake mtoto aliomba mkate. Sista, binti wa mwoka mikate, alikwenda kuununua mwenyewe, mbio.

Alifariki akiwa na miaka sabini na moja. Waumini husimulia kwamba tangu siku ya yule bibi, hakuna mzazi aliyeficha kopo katika wodi ile. Nasi tumwige: tuulize kwa upole, tungali na muda. Mahali pake sakafuni sasa huketi yule mshona nguo, mzee wa mvi, naye humwambia kila mama anayeingia akitetemeka: "Mwanangu, mimi nilinyamaza. Wewe sema."